Mafuta ya Ng'ambo na Moto wa Nyumbani
Somo la historia kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Natumaini kila kikundi kimekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Kiongozi wa kikundi, tafadhali tundika ramani ya Tanzania mahali ambapo wote wanaweza kuiona. Kisha andika ubaoni maswali mawili haya, kwa herufi kubwa:

1. Moto wetu watoka wapi?
2. Nani hupanga bei yake?

Maswali hayo yasifutwe mpaka mwisho wa somo. Tutayarudia mara kwa mara.

Neno "moto" leo nalitumia kwa maana pana. Ni kila kitu kinachotupa joto, au mwanga, au nguvu ya kuendesha mashine. Kuni ni moto. Mafuta ya taa ni moto. Dizeli ya meli ni moto, na umeme pia ni moto. Vitu hivyo vyote kwa pamoja huitwa nishati. Andikeni neno hilo: ni-sha-ti.

DEBE LILILOBAKI

Tuanze na chombo ambacho kila mmoja wenu anakijua. Chombo hicho ni debe.

Zamani mafuta ya taa yaliletwa kutoka ng'ambo yakiwa ndani ya madebe ya bati. Mfanyabiashara aliyafungua dukani, akapima mafuta kwa vikombe na chupa, watu wakanunua kidogo kidogo. Mafuta yalipokwisha, debe lilibaki. Akina mama wakalichukua kutekea maji. Wauzaji wakapimia mahindi na mpunga. Mafundi wakalikata wakatengeneza vibatari. Hata leo, ukienda sokoni Mwanza, utasikia watu wakiuliza bei ya debe la mahindi, na hakuna anayekumbuka kwamba chombo hicho kilikuja na mafuta.

Basi hivyo ndivyo mafuta ya ng'ambo yalivyoingia nyumbani mwetu. Yaliingia polepole, kwa kikombe na kwa chupa, mpaka yakatuachia kipimo cha chakula chetu.

WAKATI WA KUNI

Kabla ya hapo, moto wa watu wa kando ya Ziwa ulitoka karibu. Mama alipikia kuni. Mvuvi alisafiri kwa kafi na kwa tanga, na upepo haulipiwi. Jibu la swali la kwanza lilikuwa fupi: moto unatoka porini, umbali wa kutembea kwa miguu. Jibu la swali la pili lilikuwa fupi zaidi: hakuna mtu apangaye bei.

Halafu zikaja meli za moshi. Mwaka 1900 Waingereza waliishusha majini huko Kisumu meli iliyoitwa William Mackinnon. Ililetwa kutoka Uingereza vipande vipande, ikaunganishwa pale ufukoni. Mwaka uliofuata reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu. Mwaka 1928 reli yetu kutoka Tabora ikafika Mwanza, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda Dar es Salaam.

Meli hizo na injini nyingi za gari moshi za hapa Tanganyika zilichoma kuni. Magogo yalipangwa bandarini na kando ya reli, na watu walilipwa kuyakata. Kwa hiyo hata mashine za mgeni zilikula moto wa hapa hapa. Lakini angalieni: kuni nazo zina mwisho. Katika Usukuma miti ilipungua sana, kwa sababu ya mashamba, mifugo, na ukataji wa vichaka uliofanywa wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o. Mahali pengi akina mama wakaanza kupikia miti mikavu ya pamba iliyobaki shambani, na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moto wa nyumbani usipotunzwa, nao huisha.

MAFUTA YANASHIKA KAZI

Baada ya vita vya pili vya dunia, dizeli ilianza kushika mahali pa kuni. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, meli mpya ya Victoria ilianza kusafiri katika Ziwa letu. Hii haikuwa meli ya kuni. Ilikuwa meli ya dizeli, ya haraka na safi kuliko zile za zamani. Umeme wa mji wa Mwanza nao ulitoka katika mashine za dizeli, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya bara. Wavuvi wa dagaa walichukua taa za karabai usiku, na mwanga wa mafuta ya taa ukawavuta dagaa mpaka kwenye nyavu.

Je, wazee wetu walikosea kuyapokea mafuta? Hapana. Lita moja ya dizeli hufanya kazi ambayo mtu mwenye nguvu hawezi kuimaliza kwa siku nzima. Tena bei yake wakati huo ilikuwa ndogo. Mtu yeyote angeyapokea.

Lakini sasa tazameni ramani. Kiongozi, weka kidole Dar es Salaam. Mafuta yalishushwa hapo kutoka melini. Sasa sogeza kidole kufuata reli: Morogoro, Dodoma, Tabora, kisha panda kaskazini, Shinyanga, Mwanza. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Na gari moshi lililoleta dizeli Mwanza lenyewe lilihitaji mafuta njiani. Ndiyo maana mpaka leo lita ya petroli ya Mwanza huuzwa ghali kuliko ile ya Dar es Salaam.

Mwaka 1966 kiwanda cha kusafisha mafuta, kiitwacho TIPER, kilifunguliwa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Watu wengi walifurahi, wakasema: sasa tuna mafuta yetu. Hapa ndugu zangu msikilize vizuri. Kiwanda cha kusafisha mafuta ni kama mashine ya kusaga. Mtu mwenye mashine ya kusaga asiye na shamba, lazima anunue mahindi ya mtu mwingine. Kigamboni tulikuwa na mashine. Shamba lilikuwa nchi za mbali. Na kiwanda hicho chenyewe kiliacha kusafisha mafuta zaidi ya miaka 20 iliyopita. Leo ni mahali pa kuyahifadhi tu.

(Kituo kifupi. Kiongozi awaulize wanafunzi: Katika mwaka 1966, jibu la swali la kwanza ubaoni lilikuwa nini? Na jibu la swali la pili?)

MWAKA BEI ILIPORUKA

Mwezi Februari 1967 nchi yetu ilitangaza Azimio la Arusha, na neno "kujitegemea" likawa mdomoni mwa kila mtu. Lakini mashine zetu zilikuwa bado zikiwategemea wengine.

Mwezi Oktoba 1973 kulitokea vita kati ya Israel na nchi za Kiarabu. Nchi za Kiarabu zenye mafuta zikapunguza uuzaji wake, na nchi zinazouza mafuta zikapandisha bei. Pipa moja la biashara, yaani lita 159, lilikuwa likiuzwa kiasi cha dola 3. Kufika Januari 1974 bei ilikuwa inakaribia dola 12. Miezi mitatu tu, bei mara nne.

Mtu wa Misungwi au Ukerewe hakuwa na neno lolote katika ugomvi huo. Hakuulizwa. Lakini aliulipia. Aliulipia namna gani? Hapa lazima tuelewe maneno "fedha za kigeni".

Muuzaji wa mafuta hapokei shilingi yetu. Ataka dola. Na dola tulizipata kwa kuuza vitu vyetu ng'ambo: pamba, kahawa, katani, korosho na karafuu. Kwa hiyo, kwa kweli, tulikuwa tunabadilishana pamba kwa mafuta. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme robota moja la pamba lilitosha kununua mapipa manne ya mafuta. Bei ya mafuta ikipanda mara nne, na bei ya pamba ikabaki pale pale, robota lile lile litanunua pipa moja. Mkulima amelima vile vile. Amepalilia vile vile. Jasho ni lile lile. Lakini mapipa matatu yamepotea njiani, wala hakuna mwizi aliyeonekana.

MWAKA WA VITA

Balaa halikuishia hapo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na njia ya biashara kati ya Mwanza na Kisumu ikakatika. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu ya Kagera. Vita vikaanza. Malori, vifaru na ndege hazitembei kwa maneno. Zilihitaji mafuta kila siku, na mengi yalipita katika mikoa yetu ya Ziwa.

Adui naye alilijua jambo hilo. Mwezi Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, iliruka mpaka Mwanza. Shabaha yake ilikuwa matangi ya mafuta. Ilikosa. Silaha zake ziliangukia kisiwa kidogo cha Saanane, mahali pa hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Kama shabaha ingepatikana, mji ungeungua, na pengine malori ya vita yangesimama. Fikirini jambo hilo. Katika mji mzima wa Mwanza, kitu ambacho adui aliona kinafaa kupigwa kwanza ni matangi ya mafuta. Nchi inayotegemea tangi moja, uhai wake umo ndani ya tangi hilo.

Mwaka huo huo mapinduzi ya Iran yalipandisha bei tena. Mwishoni mwa 1978 pipa lilikuwa kiasi cha dola 13. Mwaka 1980 lilipita dola 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiasi kama nusu ya fedha tulizopata kwa kuuza mazao ng'ambo zilikwenda kununua mafuta. Vipuri, dawa na mashine vyote viligombea nusu iliyobaki. Wengine kati yenu mnakumbuka foleni za petroli. Mnakumbuka pia jinsi serikali ilivyokataza magari ya watu binafsi kutembea mchana wa Jumapili, ili kuokoa mafuta.

NJIA ZA KUJIKOMBOA

Je, nchi ilikaa ikilia? Haikukaa. Tutazame mambo matatu yaliyofanywa.

Jambo la kwanza ni maji. Kiongozi, onyesha mto Ruaha Mkuu, kusini ya Morogoro. Huko Kidatu ulijengwa mtambo wa umeme wa maji. Sehemu ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975, sehemu ya pili mwaka 1980, na kwa jumla mtambo ulikuwa na uwezo wa megawati 204. Katika miaka ya 1980 nyaya kubwa zilivutwa kutoka Iringa kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga mpaka Mwanza. Nyaya hizo zinazounganisha nchi huitwa gridi ya taifa. Sasa mji wa kando ya Ziwa uliwashiwa taa na mto ulio mbali kusini, na mashine za dizeli zikapumzika.

Wengine huuliza: mbona tuna ziwa kubwa kiasi hiki, tukafuata maji ya mbali? Sababu ni kwamba umeme hautoki katika maji yaliyotulia. Hutoka katika maji yanayoanguka. Maji ya Ziwa Victoria hutoka mahali pamoja tu, Jinja, nchini Uganda, mwanzo wa mto Nile. Hapo ndipo Waingereza walipojenga bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954.

Jambo la pili ni gesi. Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa Songosongo, kisiwa cha pwani ya Kilwa. Lakini kugundua si kutumia. Bomba lahitaji fedha, na fedha zilikuwa zimekwisha kwenda kununua mafuta. Gesi hiyo ilifika Dar es Salaam na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2004. Hesabuni: miaka 30.

Jambo la tatu ni miti. Mwaka 1980 vikundi vya kusikiliza redio, kama hiki chenu, vilijifunza katika kampeni iliyoitwa Misitu ni Mali. Mwaka 1986 mpango wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga ulianza, na watu wakarudishia heshima desturi ya zamani ya Wasukuma, yaani ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa ili majani na miti ipate kukua. Mahali palipokuwa peupe pakaota kuni tena. Nao huo ni ukombozi wa nishati, ingawa hauna nyaya wala bomba.

MAJI NAYO HUKAUKA

Sasa msikie kosa letu. Tulipopata maji, tuliyategemea kama tulivyoyategemea mafuta. Mvua iliponyima katika miaka ya 1990, tena mwaka 2006, na tena mwaka 2011, mabwawa yalipungua na umeme ukagawiwa kwa zamu. Viwanda vya samaki haviwezi kugandisha minofu bila umeme. Wenye mashine wakawasha jenereta, na jenereta hunywa dizeli. Serikali nayo ikakodi mitambo ya dharura. Mwaka 2013 mtambo wa mafuta mazito wenye uwezo wa megawati zipatazo 60 ulianza kazi Nyakato, hapo hapo Mwanza. Tulikuwa tumeyafukuza mafuta mlangoni, yakarudi kwa dirisha.

Kwa ajili hiyo serikali ilihitaji sera. Sera ni mpango mkuu unaosema nchi itafuata njia gani. Sera ya kwanza ya taifa ya nishati ilitolewa mwaka 1992, ikafuatwa na ya 2003 na ya 2015. Shauri moja hurudi katika mipango hiyo: tutumie vyanzo vyetu wenyewe, navyo viwe vingi, maji, gesi, makaa ya mawe, jua na upepo, ili kimoja kikilegea kingine kishike.

HALI YA SIKU HIZI

Tumefika wapi? Katika umeme tumefika mbali. Mwaka 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulianza kutoa umeme, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikamilika. Uwezo wake ni megawati 2,115, zaidi ya mara kumi ya Kidatu. Upande wetu wa Ziwa, maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera hutoa megawati 80, zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na reli ya namna hiyo ilianza kujengwa kutoka Mwanza kwenda Isaka mwaka 2021. Siku itakapounganika yote, mzigo wa Mwanza utavutwa na maji ya Rufiji badala ya dizeli ya ng'ambo. Majini nako wavuvi wengi wa dagaa wameiacha karabai, wanatumia taa za betri na za jua.

Lakini petroli na dizeli zote bado twazinunua ng'ambo. Pikipiki, daladala, lori la samaki na mashine ya mtumbwi vyategemea meli inayotia nanga pwani. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, lita ya petroli ilipita shilingi 3,000, na mwezi Juni serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali. Vita vya mbali, nauli ya kwetu. Ni kama 1973.

Kuna jambo jingine linalotugusa jikoni. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia. Inataka kufika mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wameacha moshi wa kuni na mkaa. Ni jambo jema kwa macho na mapafu ya mama zetu, na kwa miti yetu. Lakini jihadharini na kosa moja. Gesi ya mitungi si gesi ya Songosongo. Ile ya Songosongo hupita katika bomba kwenda kwenye mitambo na viwanda. Ile ya mtungi huja kwa meli kutoka ng'ambo, kama petroli. Mama anayeacha mkaa akachukua mtungi amepata afya, lakini bei yake sasa hupangwa mbali. Akiwa pia na jiko la umeme linalotumia umeme kidogo, mtungi ukipanda bei ana mahali pa kukimbilia.

MANENO YA MWISHO

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema tusinunue kwa ndugu. Kagera imenunua umeme wa Uganda kwa miaka mingi, wala si aibu. Maskini ni yule ambaye, ndugu akipandisha bei au akifunga mlango, hana kitu kingine mkononi. Kuni peke yake zilitushinda. Mafuta peke yake yalitushinda. Maji peke yake nayo yalitushinda. Basi sera njema ya nishati, ya taifa au ya nyumba moja, ni kutokuwa na moto mmoja tu.

Sasa zimeni redio, mzungumze. Kwaherini mpaka juma lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini kiwanda cha Kigamboni hakikutuondolea shida ya mwaka 1973?
2. Eleza kwa maneno yako jinsi bei ya mafuta inavyoweza kumpunguzia mali mkulima wa pamba ambaye hana gari.
3. Kila mtu ataje moto anaotumia nyumbani: wa kupikia, wa kuangazia, wa kusafiria. Andikeni ubaoni upi unatoka nchini na upi unatoka ng'ambo.
4. Ukikosa moto huo kwa juma moja, una njia gani ya pili?
5. Kazi ya nyumbani: Mwulize mzee mmoja wa kijiji au mtaa wako alivyoishi wakati wa foleni za petroli. Andika mistari mitano, uilete darasani.